Redio ya setilaiti: usilaumu spika

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana kweli kweli. Leo nimerudi na jambo ambalo nimelibeba tangu mwaka jana, na ni heri nilitue.

Mwaka jana nilikaa Dallas, Marekani, kwa wiki mbili za kazi. Huko anaishi binamu yangu, dereva wa malori ya masafa marefu. Jioni ya kwanza, kabla hata sijamaliza chai, akaniambia, "Wewe si umesomea tarakilishi? Twende usikilize gari langu. Muziki unatoka kama umefunikwa blanketi." Fundi mmoja alikuwa amemwambia spika zimekufa, na kwamba spika mpya pamoja na amplifaya zingemgharimu dola 900. Pesa alikuwa nazo, ila zilikuwa karo ya mwanawe aliye shule ya bweni huku nyumbani.

Tukaketi garini, injini imezimwa. Redio ilikuwa kwenye setilaiti, kama ilivyo siku zote kwake. Kusema kweli, besi ilikuwa sawa na sauti ya mwimbaji ilieleweka, lakini matoazi yalilia kama mchanga unaomwagwa kwenye karai. Tukasubiri hadi ukapigwa wimbo ambao ninao kwenye simu. Ulipokwisha, nikachomeka simu kwa waya na kuupiga ule ule. Nilipunguza sauti hadi ikalingana na ya redio, maana sikio hudanganyika: chenye sauti kubwa zaidi huonekana kizuri zaidi.

Binamu yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hizi ni spika zile zile?"

Ndiyo, kaka. Ni zile zile. Spika zake hazikuwa na ugonjwa wowote. Sauti ilikuwa imeshapungua kabla haijafika kwenye gari lake.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu watu wengi husikia neno "setilaiti" na "dijitali" wakadhani wameahidiwa ubora. Dijitali maana yake ni namba tu. Swali ni namba ngapi.

Tufanye hesabu. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Hizo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Sasa chukua XM, iliyoanza kurusha matangazo Marekani mwaka 2001 ikiwa na stesheni 100. Mfumo wake ulikuwa na nafasi ya takriban megabiti 4 kwa sekunde kwa stesheni zote pamoja. Gawanya: kila stesheni inapata wastani wa kilobiti 40. Hiyo ni sehemu moja kati ya 35 ya CD! XM na mshindani wake Sirius waliungana mwaka 2008, lakini tatizo la msingi halikubadilika. Kila mmoja alikuwa amepewa megahezi 12.5 za masafa na serikali, na masafa hayazaliani.

Tena masafa hayo hayatumiki mara moja. Matangazo yale yale hurushwa na setilaiti zaidi ya moja, na mjini yakarudiwa na minara ya ardhini kwa ajili ya maghorofa. Mkondo mmoja hucheleweshwa sekunde chache, ili gari likipita chini ya daraja redio iwe na akiba ya kuziba pengo. Ni uhandisi mzuri sana, lakini nafasi inayolinda sauti isikatike ni nafasi ambayo haitumiki kuifanya sauti iwe nzuri.

Basi stesheni inabanwaje mpaka iingie kwenye kilobiti 40? XM ilichagua aacPlus. Kodeki hii huhifadhi sauti za chini na za kati, halafu zile za juu kabisa haizitumi zenyewe. Hutuma maelezo mafupi tu, na redio iliyo garini inazijenga upya kwa kunakili za chini na kuzipandisha. Matoazi uliyoyasikia, kwa kiasi kikubwa, hayakupigwa na mpiga ngoma. Yamekisiwa na programu. Mimi naandika programu kila siku na navua kofia kwa walioibuni hii, lakini makisio ni makisio.

Nyumbani kwetu wageni wakizidi, maji huongezwa kwenye sufuria ya chai. Hakuna anayekosa kikombe, ila hakuna anayekunywa chai ya maziwa. Hivyo ndivyo stesheni zaidi ya mia zinavyopatikana.

Kwa masikio yangu, ndani ya gari, mpangilio ni huu, kuanzia bora kabisa:

1. CD, au faili zisizobanwa kupitia USB.
2. Simu kwa waya, ikiwa na faili nzuri.
3. Simu kwa Bluetooth. Kodeki yake ya kawaida, SBC, hufika takriban kilobiti 328, na wengi hawatagundua tofauti gari likitembea.
4. FM penye mawimbi mazuri. Ndiyo, FM ya zamani! Hufika hezi 15,000 tu, lakini angalau haijengi matoazi ya kubuni.
5. Muziki wa setilaiti.
6. Kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti kinachorusha MP3 kwa FM. Matatu zetu zilikipenda sana. Tusizungumze zaidi.

Najua kuna watakaopinga namba 4 na 5. Ukiwa nyuma ya kilima, FM hukwaruza na setilaiti haikwaruzi. Kutokwaruza na ubora ni vitu viwili, ingawa sikio huvichanganya.

Sasa niwe mkweli, maana hadithi haikuishia pale. Jumamosi iliyofuata tulisafiri kwenda El Paso, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Nilikuwa nimejaa maringo na simu yangu na waya wangu. Tulipoipita Odessa, jangwa likafunguka pande zote mbili na simu ikaanza kupoteza mtandao. Nyimbo nilizohifadhi zikaisha, stesheni za FM zikabaki za kuhesabu kwa vidole. Binamu yangu akabonyeza kitufe kimoja na mtangazaji akaanza kuzungumza, safi, bila mkwaruzo, kana kwamba ameketi kiti cha nyuma. "Mimi hupita hapa saa nane za usiku peke yangu," akaniambia. "Huyu ndiye huniweka macho."

Sikuwa na jibu. Kwa maneno matupu, kilobiti hizo chache zinatosha. Sauti ya mtu anayezungumza haihitaji matoazi. Simu za mezani za zamani zilipitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na tulielewana. Ongeza ngurumo ya matairi na upepo, na nusu ya malalamiko yangu ya pale Dallas inamezwa.

Hata sisi tuliwahi kuonja. Setilaiti ya AfriStar ya WorldSpace ilirushwa mwaka 1998, kabla ya XM kusikika, ikilenga Afrika nzima. Kampuni ile, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilikuwa hata na mkono katika kuanzishwa kwa XM. Ilitumia MP3 yenye viwango tofauti, kuanzia kilobiti 16 za mazungumzo hadi 128 za muziki. Ilipofilisika mwaka 2008, redio zile zikabaki mapambo kabatini. Lakini angalia wazo: kila stesheni ilipewa nafasi kulingana na kazi yake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Redio ya setilaiti si mbaya. Kilicho kibaya ni kuuza idadi ya stesheni na kunyamazia kiwango cha sauti. Huduma za intaneti huonyesha chaguo. Spotify hukueleza kwamba kiwango cha kawaida ni kilobiti 96 na kwamba kingine cha juu zaidi hufika 320. Msikilizaji wa setilaiti naye ana haki ya kuandikiwa namba hiyo, kama pakiti ya unga inavyoandikwa uzito. Angeijua binamu yangu, asingekaribia kutoa karo ya mtoto kununua dawa ya ugonjwa ambao gari lake halina.

Alinunua waya wa dola chache tu. Setilaiti anayo bado, kwa habari, mpira na usiku wa jangwani. Karo ililipwa.

Na wewe, kabla hujampelekea fundi gari, jaribu wimbo mmoja kwa njia mbili, sauti zikiwa zimelingana. Kisha uniambie ulichosikia.