Usugu wa dawa: Viini havijui mpaka wa Kisii na Nyamira

MGONJWA anapohamishwa kutoka Nyamira hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, barua ya daktari huandamana naye. Huenda pia akaandamana na bakteria sugu ambayo haikutajwa katika barua hiyo.

Hilo ndilo fumbo linalozikabili kaunti hizi mbili, ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zina watu 1,872,436. Tangu huduma za afya zigatuliwe 2013, kila kaunti husimamia hospitali na bajeti yake. Viini navyo havitambui ugatuzi.

Njia ya kuvifuatilia inajulikana. Damu, mkojo au usaha wa mgonjwa huoteshwa maabarani, kisha kiini kinachopatikana hujaribiwa kwa dawa moja baada ya nyingine. Majibu huchukua siku mbili tatu. Yakijumlishwa kwa miezi, daktari hujua dawa ipi ingali na nguvu katika wodi yake, na wasimamizi hung'amua mapema kiini sugu kinapohama kitanda hadi kitanda.

Kikwazo ni maabara zenyewe. Utafiti uliotolewa 2022 kuhusu mataifa 14 ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulibaini kuwa kati ya maabara 50,000, ni asilimia 1.3 pekee zilizopima bakteria. Pasipo kipimo, daktari hulazimika kukisia, na kila dawa kali inayotolewa kwa kukisia huongeza usugu. Tena, wakipimwa wale tu ambao dawa ya kwanza imewashinda, takwimu hutia chumvi na kupotosha mipango.

Gharama ya kutojua ni maisha. Mwaka wa 2019, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Uingereza, iliyosaidia ufuatiliaji huu nchini kupitia hazina ya Fleming Fund, ilitangaza 2025 kuwa inaikatia fedha. Mpango wa kitaifa wa 2023-2027 upo, lakini mpango haununui vifaa vya maabara.

Kwa kuwa Kisii na Nyamira hushiriki wagonjwa, ni busara zishiriki pia daftari moja la matokeo, na kila mgonjwa anayehamishwa abebe majibu yake ya maabara. Mficha maradhi, wahenga walinena, kifo humuumbua.