Kombati na Kebo: Majibu kwa Yanayosemwa Kisaki

Kila Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotangaza nafasi za kujitolea, vijana wa Kisaki hupanda kwenda Morogoro mjini kutafuta nakala za vyeti, barua za utambulisho na picha ndogo za pasipoti. Siku hizi wamo wanaosema waziwazi kwamba wanataka kuvaa kombati na papo hapo kuanza fani ya mitandao ya kompyuta: kufunga swichi, kupanga ruta, kuvuta faiba. Wakisema hivyo hupata washauri wa aina mbili. Kuna wanaowacheka, na kuna wanaowaahidi mambo ambayo jeshi lenyewe halijawahi kuahidi. Hao wa pili ndio wanaonikera zaidi, kwa kuwa kijana aliyechekwa huweza kukaza moyo, lakini aliyedanganywa hupoteza miaka.

Nijibu yale ninayoyasikia mara nyingi.

“Jeshi ni kwata na bunduki, kompyuta ni za watu wa ofisini.” Mtu wa Kisaki ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo, maana ardhi anayolima ina ushahidi wa kinyume chake. Septemba 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa amelimbikiza akiba zake Kisaki. Smuts alituma vikosi vya wapanda farasi wa Afrika Kusini kwa njia mbili tofauti, vikizunguka milima ya Uluguru ili vikutane hapa. Kundi la kwanza lilishambulia tarehe 7 na kurudishwa nyuma. La pili likafika siku iliyofuata bila habari ya kilichowapata wenzao jana yake, nalo likapigwa. Wanajeshi walikuwepo na silaha walikuwa nazo. Kilichokosekana ni ujumbe kutoka kundi moja kwenda jingine, na nafasi ya kupigana kwa pamoja ikapotea kabisa. Wajerumani waliiacha Kisaki baadaye mwezi huohuo kwa sababu nyingine, lakini siku zile mbili zilikuwa zao.

Hakuna jeshi lililosahau funzo la namna hiyo. Intaneti yenyewe imetokana na ARPANET, mradi uliolipiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, uliotuma ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969. Utaratibu wa TCP/IP, unaotumika hadi leo kila unapofungua intaneti kwenye simu, ulianza kutumika rasmi kwenye mtandao huo tarehe 1 Januari 1983. Nyumbani pia, matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ya kuandikisha vijana hayatafuti wa kidato cha nne peke yao. Huita na wenye taaluma. Na tusiangalie JWTZ tu. Mlangoni mwetu ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambayo askari wake sasa ni sehemu ya jeshi usu la uhifadhi. Doria katika pori la ukubwa ule haiendi bila redio, minara na mtu wa kuvitunza.

“Ukishaingia JKT, ajira umeshaipata.” Huu ni uongo, na nausema hivyo bila kupaka mafuta. Matangazo ya JKT yenyewe hueleza kwamba Jeshi la Kujenga Taifa halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira katika vyombo vya ulinzi au kwingineko. Linatoa mafunzo ya kumwezesha kujitegemea. Mkataba wa kujitolea ni wa miaka 2. Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wamesitishiwa mikataba na kurudishwa makwao baada ya kugoma na kuandamana wakidai ajira. Baadaye walisamehewa, ila fikiria ile safari ya kurudi kijijini, na mzazi aliyeuza mpunga ili kumpatia mwanawe nauli. Ninaamini wengi wao waliingia wakiwa na ahadi waliyopewa na mtu asiye na mamlaka ya kuitoa.

JKT ni njia mojawapo ya kuelekea JWTZ, kwa kuwa wanaoandikishwa jeshini kwa kawaida hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya JKT. Wengi hupita njia hiyo, wachache huchaguliwa. Ndiyo sababu nasema mwenye nia ya mitandao aihesabu miaka ile miwili kama miaka ya fani pia. Asipochaguliwa, arudi na kitu mkononi.

“Omba kupangiwa mawasiliano, watakupangia.” Hili limeletwa na video za Marekani. Kule kijana anayejiunga huweza kukubaliana na jeshi kuhusu kazi atakayofanya kabla ya kutia sahihi, na tangu 1944 ipo sheria inayowasomesha wanaotoka jeshini. Tusiichukue habari ya kule tukadhani ni yetu. Hapa unapangwa kulingana na mahitaji ya jeshi. Unaweza kujikuta kwenye shamba la mpunga la Chita, huko Kilombero, au kwenye ujenzi na SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, au lindo usiku kucha. Kuna anayesikia haya akakata tamaa, na mimi sioni kwa nini. Mkuu anayetafuta mtu wa kunyoosha kebo za ofisi humchukua anayejulikana kwamba anaweza. Hawezi kumjua mtu ambaye hajawahi kuonyesha chochote.

“Kambini hakuna muda wala vifaa, utasomea wapi?” Hapa wana nusu ya haki, na nusu hiyo ni nzito. Orodha ya vitu vya kwenda navyo kwa vijana wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria, si kwa kujitolea, inajulikana: bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, nauli ya kwenda na kurudi. Kompyuta haimo. Katika mafunzo ya awali, simu nayo huachwa. Mchakamchaka alfajiri, kwata, fatiki, mstari wa jioni, halafu mwili unadai usingizi. Anayekwambia utasoma kila siku katika miezi ile hajawahi kuwa kuruti.

Kwa hiyo msingi uwekwe kabla ya kuripoti. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kujifunzia, hutolewa bure. Inapakuliwa mjini kwenye intaneti nzuri, na ndani yake unapanga ruta na swichi za kuigiza kwenye kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika. Mengine hayahitaji hata umeme. Chukua daftari. Tuseme shule ina anwani 192.168.10.0, zenye jumla ya nafasi 256, na inataka mitandao minne: ofisi, walimu, maabara, maktaba. Gawanya kwa nne, kila mmoja unapata 64. Wa kwanza unaanzia 0, wa pili 64, wa tatu 128, wa nne 192. Katika kila fungu, anwani ya kwanza ni jina la mtandao na ya mwisho ni ya kutangazia wote, kwa hiyo vifaa vinavyoweza kupewa anwani ni 62. Rudia kwa kugawa mara nane, kisha kumi na sita, mpaka mkono uandike wenyewe. Hili linafanyika bwenini baada ya kazi, kwa kalamu tu. Si lindoni, nasisitiza. Lindoni kazi ni lindo.

Na jifunze kebo kwa vidole. Ndani ya kebo ya kawaida mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili. Zinyooshe, zipange kutoka kushoto: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Angalia lile pengo: ya kijani imetenganishwa na mwenzake, jozi ya bluu imekaa katikati yao. Wanaoanza hukosea hapo. Kata ncha zilingane, sukuma mpaka shaba ionekane mwisho wa kichwa cha plastiki, kisha bana kwa koleo lake. Usifungue msokoto mrefu kuliko inavyohitajika, na usivute kebo moja zaidi ya mita 100 ukategemea ifanye kazi sawasawa. Mwenye uwezo huu ana thamani katika ofisi yoyote, ya kijeshi au ya kiraia.

“Bila digrii ni bure.” Si kweli. CCNA, mtihani wa Cisco wa fani ya mitandao, haudai digrii wala cheti cha awali. Vikwazo vyake ni vingine, na ni vyema vitajwe. Ada ni dola 300, ambazo kwa shilingi ni laki kadhaa, fedha ambayo posho ya kujitolea haiitoi kwa mwezi mmoja wala mitatu. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza. Na cheti hudumu miaka 3, kisha unakihuisha. Ushauri wangu ni kwamba kijana asikimbilie mtihani akiwa bado JKT. Aanze na mafunzo ya ufundi. VETA ipo Kihonda palepale Morogoro, na kituo chake cha TEHAMA kipo Kipawa, Dar es Salaam. Mtihani wa kulipia uje siku ambayo mazoezi yote anayapita bila kubahatisha. Wenye digrii wana faida yao, na Mzumbe iko mkoani kwetu kwa anayeweza. Lakini mlango wa kwanza wa fani hii haulindwi na digrii.

“Nitajifunza kwa kuchungulia mtandao wa kikosi.” Acha mara moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inalinda maeneo na taarifa za ulinzi. Usipige picha raki ya vifaa ukamtumia rafiki akusaidie. Usichore mchoro wa mtandao wa kambi kwenye daftari lako. Na ukitoka, wasifu wako useme tu kwamba umefunga kebo, umetunza swichi, umefuata taratibu za usalama. Mwajiri mzuri ataelewa ukimya wako kuhusu mengine, tena atakuamini zaidi kwa sababu yake.

“Hata ukijua, Kisaki hakuna kazi hiyo.” Haya husemwa na watu walioketi hatua chache kutoka reli ya TAZARA. Upande mmoja kuna kambi za watalii zinazohitaji intaneti kwa wageni na kwa malipo. Kusini yetu kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na mtambo kama huo hauongozwi kwa kupiga kelele kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kila mashine inasomwa kupitia mtandao. Morogoro mjini, treni ya SGR imekuwa ikifika tangu 2024, nayo hutegemea mawasiliano kuanzia tiketi hadi ishara za njiani. Vituo vya afya vya serikali vinatumia mfumo wa GoTHoMIS wa kutunza taarifa za wagonjwa, na kebo ikikatika mgonjwa anarudi kusubiri faili la karatasi. Sidai kwamba kazi hizo zinamngoja kijana wa hapa. Zinafanywa na wageni kwa kuwa mwenyeji hajajifunza, na barabara ya Matombo na Mvuha wakati wa masika inajulikana: fundi akitakiwa kutoka mjini, huenda akafika kesho kutwa.

Nina ombi kwa wazazi na kwa walimu wa sekondari huku kwetu. Mtoto akisema anataka JKT na mitandao, msimchagulie kimoja. Mtafutieni kompyuta iliyotumika kabla hamjamtafutia bukta ya bluu, mwacheni miezi michache ajifunze kugawa anwani na kubana kebo, kisha aende akiwa tayari. Na wewe kijana, fomu ya JKT inapokelewa kwa utaratibu wa ofisi ya mkuu wa wilaya, na haiuzwi. Anayekuomba pesa akuingizie jina na kukuhakikishia kitengo cha mawasiliano ni tapeli. Pesa hiyo nunua kebo.