Kalamu ya Tabibu Mbele ya Majaji wa Rufani

Mtu aliyetiwa hatiani kwa kumuua mwenzi wake wa ndoa anapokata rufaa, kwa kawaida mashahidi hawaitwi upya. Rufaa za Singida, ambazo kwa miaka mingi zimesikilizwa Dodoma, huamuliwa kwa karatasi: mwenendo wa kesi ya Mahakama Kuu, vielelezo, sababu za rufaa na hoja za mawakili. Miongoni mwa karatasi hizo huwamo moja au mbili zilizoandikwa na mtaalamu wa afya, pengine Kiomboi, Manyoni au Ikungi, siku ambayo foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Hoja yangu ni kwamba karatasi hizo ni sehemu ya tiba, na tunapaswa kuziandika kwa uangalifu uleule tunaoutumia kuandika dozi ya dawa.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hupewa adhabu moja tu: kunyongwa hadi kufa. Ni kweli kwamba nchini mwetu hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, na kwamba Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Hata hivyo, aliyehukumiwa huendelea kuishi chini ya kivuli cha kitanzi. Akitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, jaji ana uhuru wa kupima adhabu, ambayo ukomo wake ni kifungo cha maisha. Kinachotenganisha makosa hayo mawili ni nia ovu.

Nia haionekani kwa macho, wala haipimwi maabara. Katika Rufaa ya Jinai namba 150 ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufani iliyoketi Mbeya ilitaja mambo saba yanayosaidia kuibaini: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Mambo matano ya kwanza yamo mwilini mwa marehemu, na mara nyingi anayeweza kuyasoma ni tabibu.

Basi tujiulize jaji atapata nini katika taarifa inayosema tu: "Chanzo cha kifo ni kupoteza damu nyingi." Hatajua kama palikuwa na jeraha moja au kumi, kama lilikuwa pajani au shingoni, kama lilifanywa na kisu au na jiwe, wala kama mikono ya marehemu ilikuwa na alama za kujikinga. Taarifa ya namna hiyo inaweza kumponza aliyerusha pigo moja katika ugomvi wa ghafla, na inaweza vilevile kumwokoa aliyemkatakata mkewe kwa makusudi. Anayeonewa safari moja ni mshtakiwa, na safari nyingine ni marehemu, ambaye hana tena sauti.

Kuandika vema hakuhitaji mashine za gharama. Rula, mchoro wa mwili na subira vinatosha kwa kuanzia. Kila jeraha liandikwe mahali lilipo, urefu, upana, kina kinachopimika na hali ya kingo zake. Tabibu asiandike kwamba marehemu "ameuawa na mumewe". Hilo ni la mahakama kuamua.

Yapo maeneo mengine matatu ambamo maandishi yetu hufika mbali. La kwanza ni kauli ya majeruhi aliye mahututi. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maneno ya marehemu kuhusu sababu ya kifo chake kupokelewa mahakamani, ingawa kwa desturi majaji hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Muuguzi aliyesikia ayaandike kama yalivyotamkwa, hata kama ni kwa Kinyaturu au Kinyiramba, pamoja na saa, hali ya fahamu ya mgonjwa na waliokuwapo.

La pili ni afya ya akili. Mshtakiwa anayedai kuwa alikuwa na ugonjwa wa akili huweza kupelekwa na mahakama katika taasisi ya Isanga, Dodoma, na sheria inataka taarifa ya uchunguzi itolewe ndani ya siku 42. Swali la kisheria linahusu saa ya tukio: je, ugonjwa ulimzuia kuelewa alichokuwa akitenda, au kutambua kwamba hakupaswa kukitenda, au kukizuia? Daktari wa Isanga humwona mtu baada ya tukio. Kadi ya kliniki iliyoandikwa vizuri katika zahanati ya kijijini ndiyo inayoweza kumweleza hali ya mtu huyo kabla yake.

La tatu ni mahudhurio ya awali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hata hivyo, mwanamke huweza kuletwa mara ya tatu na jeraha usoni, daftari likasema kila mara kwamba "ameanguka". Aulizwe faraghani, na jibu lake liandikwe. Rekodi hiyo inaweza kuwa onyo la kuokoa maisha kabla haijawa kielelezo.

Wapo wenzetu wasemao kwamba kazi yetu ni kutibu, na upelelezi ni wa polisi. Nakubaliana nao, na kwa sababu hiyohiyo mahakama hututegemea: hatuna upande. Lakini kutokuwa na upande si kukaa kimya. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeandika taarifa aitwe kuhojiwa, na taarifa iliyopokelewa bila kufuata utaratibu, kwa mfano bila kusomwa mahakamani, huweza kuondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Hapo yanayobaki ni maneno ya daktari aliyefika kizimbani. Kuitikia wito wa mahakama, hata baada ya kuhamishiwa mkoa mwingine, ni wajibu wetu.

Kwa ndugu wa wagonjwa na wafiwa nina maombi mawili. Msifue nguo za majeruhi wala kuharakisha maziko kabla ya uchunguzi wa mwili kukamilika. Na anayepigwa nyumbani aseme ukweli kwa mhudumu wa afya mapema, angali hai wa kusimulia mwenyewe.