Kucheka, lakini mbele ya nani?

Ndugu musomaji, kama katika jamaa yako kuna mutu anayetazama saa wakati muchungaji anahubiri, ukurasa huu ni wake.

Mwingereza P. G. Wodehouse (1881–1975) aliandika vitabu vya kuchekesha zaidi ya 90, na wasomaji wake wangali wanabishana. Wengine wanapenda Bertie Wooster, kijana tajiri asiye na kazi, pamoja na Jeeves, boyi wake anayemupita akili. Wengine wanachagua muzee Lord Emsworth, mwenye kupenda nguruwe wake kuliko jamaa yake. Wengine tena wanasema: ukisoma kimoja, umesoma vyote. Ni kweli kidogo. Lakini hata bukari tunakula kila siku!

Mimi nachagua hadithi moja ya kitabu The Inimitable Jeeves (1923). Vijana wanawekeana makuta: siku ya yenga, ni muchungaji gani wa pale atahubiri kwa muda mrefu kupita wenzake? Wanapima wahubiri sawa vile watu wanavyopima farasi wa mashindano, na muzee Heppenstall ndiye anayetumainiwa zaidi. Sitakuambia nani anashinda. Mambo ya kuwekeana makuta siyasifu. Lakini anayechekwa pale si Mungu, wala Neno lake. Ni sisi, wenye kusema "namaliza" mara tano.

Sasa, liko jambo lenye kugawanya wasomaji kwelikweli. Katika 1940 Wajerumani walimukamata Wodehouse kule Ufaransa, wakamufunga kambini. Walipomutoa katika 1941, alisema mara tano kwa redio yao ya Berlin, akichekesha watu juu ya maisha ya kambi. Miji ya Uingereza ilikuwa imekwisha kupigwa mabomu. Maktaba zingine za kwao zikaondoa vitabu vyake. Katika 1945 George Orwell alimutetea: haukuwa usaliti, ulikuwa upumbavu.

Nakubali nusu. Mufungwa akicheka taabu yake mwenyewe, ni haki yake. Lakini redio ilikuwa ya nani? Mama aliyezika mutoto chini ya matofali ya nyumba yake, akisikia kicheko kile kinatoka Berlin, angefanya nini?

Ninyi mungeondoa vitabu hivi katika maktaba ya kanisa? Mimi ningeviacha. Lakini kila kijana anayekuja kuazima Jeeves, ningemusimulia kwanza habari ya ile redio.