Digrii si yangu, lakini foleni nilipiga mimi

Mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na sasa niko hapa Emali nikiandika na kusaidia watu kujaza fomu kwenye saiba. Lakini safari ya cheti cha chuo kikuu naijua kuliko wengi waliovaa joho. Nimekibeba ofisi hadi ofisi, kwenye bahasha ya kaki, ndani ya jaketi, mvua ya Nairobi ikininyeshea.

Cheti kilikuwa cha dada yangu. Ni nesi, ana digrii ya uuguzi, na anafanya kazi ya kandarasi. Mwaka jana alipata barua ya kazi Doha, Qatar. Mathe aliimba siku nzima. Kisha tukasoma ukurasa wa pili: cheti na transkripti zithibitishwe kwanza. Dada hangeweza kuomba ruhusa kila wiki, so akaniangalia. "Si wewe uko tu?" Ikaisha hapo.

Kama hujawahi kupitia hii kitu, inaenda hivi. Chuo kinathibitisha kwamba ulisoma hapo. Wizara ya Elimu inathibitisha cheti. Wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha sahihi na muhuri wa Wizara ya Elimu. Ubalozi unathibitisha muhuri wa Mambo ya Nje. Ukifika Qatar, wizara yao ya mambo ya nje inathibitisha muhuri wa ubalozi wao wenyewe. Soma tena polepole. Anayejua kama dada alisoma ni mmoja tu, chuo. Wale wa mwisho kila mmoja anaangalia muhuri wa mwenzake.

Sasa cheki ramani. Jogoo House, kwenye Wizara ya Elimu, na lile jengo la Old Treasury la Mambo ya Nje yote yako Harambee Avenue. Unatoka mlango mmoja unafika mwingine kabla soda yako haijaisha. Lakini karatasi haiwezi kutembea hizo hatua peke yake. Lazima msee atoke Emali, zaidi ya kilomita 120, aibebe. Na usiniambie habari ya SGR. Ile treni inayosimama kwetu inatoka Mombasa asubuhi, ikifika hapa ni mchana, na ukifika mjini makarani wanafunga madirisha. Kwa hivyo ni matatu ya saa kumi alfajiri, usingizi ukiwa bado kwa macho.

Nilienda mara tano. Mara ya pili, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, karani aliona transkripti imeweka herufi moja zaidi kwa jina la baba yetu. Hata hakuinua kichwa. "Rudi chuo." Chuoni wakasema barua ya kurekebisha ni wiki tatu. Nikitoka, jamaa mmoja mwenye koti safi akanifuata hadi barabarani: nimpe cheti chenyewe na pesa kidogo, anamaliza kila kitu kwa siku mbili. Sitadanganya, mkono ulishaingia kwa jaketi. Kilichonizuia ni sura ya mathe tu.

Ubalozi ulipopiga muhuri wake, tarehe ya mwajiri ilikuwa imepita kwa siku tisa. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Dada hakulia mbele yetu. Aliuliza tu kama cheti hakikukunjika.

Najua kuna watakaosema mihuri ni mingi kwa sababu vyeti feki ni vingi. Ni kweli, River Road tunaijua. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata vyeti ghushi 2,067 kwenye taasisi za umma. Lakini jiulize vilinaswa vipi. Havikunaswa kwa kuhesabu mihuri. Vilinaswa kwa kurudi kwa waliotoa vyeti na kuuliza: huyu mnamjua? Anayeweza kughushi cheti anaweza kughushi muhuri pia. Mlolongo wa madirisha humsumbua mkweli wa Emali, wa Kitui, wa Lodwar. Mwongo hata haendi kupanga foleni.

Na kuna njia nyingine. Mkataba wa The Hague wa 1961 ulileta apostili: ofisi moja nchini mwako inapiga muhuri mmoja, na nchi wanachama zinaukubali bila mambo ya ubalozi. Ulianza kutumika Burundi mwaka 2015, na Rwanda Juni 2024. Oman na Saudia, wanakokwenda Wakenya wengi kutafuta riziki, zimo. Rwanda ilipoingia, sisi tulikuwa bado tunachungulia dirishani. Kusema ukweli, haungemsaidia dada yangu, maana Qatar haikuwemo. Lakini ungemsaidia nesi anayeenda Muscat au London.

Hata kabla ya mkataba, kuna kitu cha kufanya sasa. Siku hizi pesa za serikali tunalipia eCitizen, hata ukiwa shambani. Huduma Centre ya Makueni iko Wote. Kwani ni ngumu vipi kuacha karatasi hapo, serikali ijipelekee yenyewe kutoka wizara moja hadi nyingine, nami nipate ujumbe kwa simu ikiwa tayari? Kama pesa yangu inaweza kufika Nairobi bila mimi, hata bahasha inaweza.

Mpaka hilo lifanyike, chukueni haya kutoka kwa aliyechomeka. Linganisha jina lako kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE na transkripti kabla hujamaliza chuo, herufi kwa herufi. Usitie cheti plastiki, muhuri utapigwa wapi? Usimwachie dalali cheti halisi hata akilia. Na anza kuthibitisha kabla hujapata kazi, usingoje barua ya mwajiri.

Serikali inatuambia kila siku twende nje, kazi ziko. Sawa, tumesikia. Lakini dada yangu alikuwa tayari kwenda. Leo bahasha yake iko chini ya godoro la mathe, mihuri yote ya Nairobi imekamilika, na yeye bado yuko kwenye kandarasi.