FUNDI AJIBU: Pedali ya ng'ombe wawili

Juma hili tumepata barua kutoka Tura, ile stesheni ya reli ambako zamani misafara ilipumzika baada ya kuvuka pori la Mgunda Mkali. Vijana wa huko wana bendi ndogo. Wameuza asali, wakaweka fedha pamoja, na sasa mtu anawauzia pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, Ibanez TS808 ya mwaka 1980, kwa bei ya ng'ombe wawili. TS9, iliyotoka mwaka 1982, yapatikana kwa bei ndogo zaidi. Wauliza: tofauti ni nini?

Kwanza tujue kazi yake. Sauti ya gitaa la umeme hupita katika waya kama mawimbi. Ndani ya kisanduku, chipu ndogo huyakuza, na dayodi huzuia vilele vyake visipande mno. Kule kubanwa ndiko kunakoleta mkwaruzo.

Jambo kubwa ni mahali dayodi zilipofungwa. Katika TS808 na TS9, zimo katika njia inayorudi kwenye chipu. Ni kama mpiga pampu ya kisima aonaye ndoo inajaa, akalegeza mkono. Basi sauti hulainika. Katika MXR Distortion+ na DOD 250, za miaka ya 1970, dayodi zimefungwa baada ya chipu, kuelekea waya wa ardhi. Huyu hupiga pampu kwa nguvu zote, na yaliyozidi humwagika chini. Sauti yake ni kali. Boss OD-1 ya mwaka 1977 ina dayodi tatu, mbili upande huu na moja upande ule, hata wimbi hubanwa zaidi upande mmoja. Tofauti za namna hii sikio huzisikia.

Je, TS808 na TS9? Njia ya sauti ni ile ile. Zinatofautiana hasa katika rezista mbili karibu na tundu la kutolea sauti: TS808 ina omu 100 na omu 10,000, TS9 ina omu 470 na omu 100,000. Wengi husema TS9 yalia kwa ukali kidogo zaidi. Fundi wa redio ajuaye kulehemu aweza kuzibadili kwa muda mfupi, na rezista zenyewe ni za bei ndogo sana.

Basi vijana, msinunue umri wa kisanduku. Watu huwakumbuka Kiko Kids na Tabora Jazz kwa nyimbo zao, wala si kwa vyombo walivyokanyaga. Kabla ya kulipa, mwombeni mwuzaji azipige zote mbili, nanyi mmegeuza migongo. Mkishindwa kuitambua ile ya ng'ombe wawili, rudini nyumbani na fedha zenu, mkanunue nyuzi na spika njema.