Wazima moto wa milimani wanahitaji cheti kinachovuka mpaka

Moto uliozuka Kilimanjaro Oktoba 11, 2020, eneo la Whona kwenye njia ya Marangu, ulikuwa mahali ambapo gari la zimamoto halifiki. Mamia ya watu walipanda kwa miguu kwenda kuukabili: askari wa hifadhi, maofisa wa zimamoto, waongoza watalii, wagumu wanaobeba mizigo ya wageni, wanafunzi na wanakijiji. Wengi walikuwa na matawi mabichi, mapanga na majembe. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga, na kwa mara nyingine wakazi wa chini ya mlima walikuwa miongoni mwa walioitwa.

Upande wa Kenya hali haitofautiani. Mlima Kenya uliungua mwaka 2012 na 2019, na safu ya Aberdare Februari 2022. Huko nako, pamoja na askari wa wanyamapori na wa misitu, waliopanda ni wanachama wa vyama vya jamii vya misitu na vijana wa vijiji vya jirani.

Watu hawa ndio kikosi cha kwanza, lakini katika makaratasi karibu hawapo. Hakuna cheti kimoja cha kanda kinachoonyesha nani amefundishwa, nani ana afya ya kufanya kazi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wala nani atalipwa fidia akivunjika mguu gizani.

Kwa mfanyabiashara wa Holili, Taveta, Tarakea au Loitokitok, suala hili linagusa mfuko. Misitu ya juu na vichaka vya Erica hunasa maji ya ukungu na kuyashusha ardhini. Vikiungua, chanzo hicho cha maji hupungua. Mto Lumi unaotoka Kilimanjaro hupita Taveta hadi Ziwa Jipe, na mashamba ya ndizi na mboga ya ukanda huo hutegemea maji ya mlima. Njia ya watalii ikifungwa, mgumu anakosa kazi, na muuza viatu vya mtumba au maharage anakosa mteja.

Wafanyabiashara pia wanajua vizuri kuliko wengi thamani ya karatasi inayotambulika. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Biashara iliporuhusiwa tena, mahindi yalitakiwa kuwa na cheti cha kipimo. Vivyo hivyo, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasili, kwa sababu nchi wanachama zimekubaliana kukiamini.

Ujuzi wa kuzima moto nao unaweza kupimwa. Marekani, mzima moto wa msituni hupewa kadi inayotaja kazi anazoruhusiwa kufanya. Kabla ya kupewa kadi ya kazi nzito, hufundishwa tabia za moto, matumizi ya zana na mawasiliano, kisha hutembea kilomita 4.8 akiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni ndani ya dakika 45. Kila mwaka hurudia mafunzo ya usalama na jaribio hilo.

Mafunzo ya msingi hayahitaji mitambo mikubwa. Mzima moto hufundishwa kwamba moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa hiyo kukaa juu yake ni hatari. Hufundishwa kuweka mlinzi wa kutazama moto, kuwa na njia mbili za kutokea, na kujua eneo lililokwisha kuungua ambapo anaweza kukimbilia. Hujifunza kukata barabara ya kuzuia moto hadi kwenye udongo mtupu, na kurudi kukagua visiki na mizizi ambayo moto hujificha ndani yake kwa siku kadhaa. Kilimanjaro pangeongezwa baridi ya usiku na dalili za maradhi ya mwinuko.

Cheti peke yake hakimkingi mtu. Juni 30, 2013, wazima moto 19 wa kikosi kilichofuzu walikufa Yarnell Hill, Arizona, upepo ulipobadilika ghafla. Lakini kama waliofuzu hufa, hatari ya kumpeleka mlimani kijana asiyewahi kufundishwa inajieleza yenyewe.

Mfano wa karibu zaidi na hali ya Afrika Mashariki unatoka Afrika Kusini. Mpango wa Working on Fire, ulioanza 2003, huajiri vijana wasio na kazi na kuwafundisha kuzima moto. Viwango vyao vilikubalika kiasi kwamba mwaka 2016 takriban 300 walipelekwa Alberta, Kanada, kusaidia kuzima moto wa Fort McMurray. Safari hiyo iliishia kwenye mgogoro wa posho: vijana waligundua kuwa wanacholipwa kwa siku hakilingani na walichotarajia, wakaacha kazi na kurudishwa nyumbani mapema. Vikosi vya nchi hiyo viliitwa tena Kanada miaka ya baadaye, ikiwamo 2023. Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa kanda hii: kiwango kinachoaminika hufungua mpaka, na makubaliano ya malipo lazima yaandikwe kabla ya mtu kupanda ndege au mlima.

Msingi wa kisheria upo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kitaaluma za upande wa pili. Makubaliano yamefikiwa kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mzima moto wa kijijini hayumo. Pengo hilo linaonekana zaidi Mlima Elgon, ambao Kenya na Uganda zinagawana. Moto ukivuka mstari wa mpaka, kikosi cha upande mmoja hakina uhakika wa kukubaliwa kuufuata.

Ipo hofu ya haki kwamba cheti kitageuka kikwazo. Mrina asali aliyezunguka msitu miaka 30 anajua upepo wa jioni unavyogeuka bondeni kuliko mkufunzi aliyetoka mjini. Akitakiwa kwanza awe na cheti cha sekondari, ataachwa nyumbani na mlima utapoteza macho yake. Jibu lipo tayari kwenye ufundi mwingine: Tanzania, kupitia VETA, humpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Kenya nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa aina hiyo. Mrina asali apimwe kwa vitendo, kwa Kiswahili, kwenye mteremko wenyewe.

Swali gumu zaidi ni nani alipe. Mafunzo, buti, kofia ngumu na bima vina gharama, na jaribio hurudiwa kila mwaka. Hifadhi hukusanya viingilio vya watalii. Kampuni za utalii na watumiaji wakubwa wa maji hunufaika na mlima uliosimama. Haieleweki kwa nini gharama ibebwe na mwanakijiji anayepanda kwa hiari na kushuka na kikohozi.

Kazi inaweza kuanza kidogo: Tanzania na Kenya zikubaliane mtaala mmoja wa msingi, jaribio moja la nguvu na kadi moja yenye bima kwa wilaya za Rombo, Loitokitok na Taveta, kisha Elgon ifuate. Mioto mikubwa ya Kilimanjaro ya 2020 na 2022 ilizuka Oktoba, kabla ya vuli kukolea. Kikosi cha Oktoba hufundishwa Juni.